Kemikali ya furaha ina zamu ya usiku

Serotonini imebahatika kupewa jina la utani linalopendeza: kemikali ya furaha. Dopamini wameipa raha, oksitosini mapenzi, endofini kusahau maumivu. Hazipiti siku mbili mtandaoni bila mtu kutufundisha jinsi ya kuongeza serotonini kwa jua la asubuhi, kwa mazoezi, kwa kula hiki na kuacha kile. Sina ugomvi na jua la asubuhi. Ugomvi wangu ni na hilo jina, kwa sababu linatufanya tuuone ubongo kama kabati la chupa, kila chupa na kibandiko chake, na mwenye huzuni ni yule tu ambaye chupa moja imemwishia.

Dawa ya kuliondoa jina hilo kichwani ni kushuka chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Sehemu hiyo huitwa medula, na urefu wake ni kama sentimita tatu. Ndani yake, kwenye mstari wa katikati, zimejipanga seli zinazotengeneza serotonini ambazo hazina habari kabisa na furaha ya mtu. Zimekaa jirani na mishipa mikubwa ya damu, na kazi yake ni kuonja. Hewa ukaa ikiongezeka mwilini, damu huelekea kwenye uchachu, nazo seli hizi huanza kutuma ishara kwa kasi: pumua zaidi. Kama mwenye mwili amelala, ishara nyingine hupanda juu: amka.

Hiyo ndiyo serotonini ninayotaka tuizungumze, ile inayoshika zamu ya usiku. Hoja yangu ni kwamba kemikali ya ubongo haina maana ikiwa peke yake. Maana yake hutoka mahali ilipomwagwa, kipokezi kilichoipokea, yaani kufuli la seli ambalo kemikali hulifungua, na saa yenyewe. Waswahili hatuhitaji maabara kulielewa hili. Kaa yupo baharini, kaa lipo jikoni likiwaka, na kaa ni amri kwa aliyesimama. Hakuna anayeuliza maana ya kaa kabla hajaisikia sentensi. (Hata hiyo hewa ukaa imepata jina lake kwa lile kaa la jikoni, lakini nisipotee njia mapema.) Kupumua ni sentensi nzuri ya kuzisomea kemikali hizi, maana hapa zikikosewa matokeo huonekana ndani ya dakika.

Tuanze na tatizo ambalo ubongo unalitatua. Moyo una kiongozi wake ndani yake. Ukitolewa kifuani na kulishwa maji yenye chumvi, sukari na oksijeni, huendelea kudunda kwa muda. Mapafu hayana kitu kama hicho. Ni mifuko, na mfuko haujui kuvuta. Hewa huingia kwa sababu kiwambo, ule msuli uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, kimeshuka, na kiwambo hakishuki mpaka kiamriwe. Mtu mzima aliyetulia huamriwa hivyo kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, jumla kama mara 20,000 kwa siku, kwa miaka yote atakayojaaliwa.

Mfaransa César Legallois alimtafuta mtoa amri huyo kwa kisu, mwanzoni mwa karne ya 19. Alikata ubongo wa sungura kipande baada ya kipande kuanzia juu, na mnyama akaendelea kupumua mpaka kisu kilipofika kwenye sehemu ndogo ya medula. Hapo pumzi ikasimama. Ilichukua karibu karne mbili kukifikia kiini chenyewe. Mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walichapisha katika jarida la Science jibu walilolipata kwa panya wachanga: waliikata medula katika vipande vyembamba wakitafuta kile kidogo kabisa ambacho bado kingetoa mdundo. Wakakipata. Kipande kisichofika unene wa milimita moja, kimelazwa kwenye chombo, hakina mapafu, hakina damu, hakina mnyama, na bado kinatuma mawimbi yake kwa mpangilio kana kwamba kuna kifua mahali fulani kinasubiri. Eneo hilo linaitwa Pre-Bötzinger. Kwa muda mrefu nilidhani Bötzinger alikuwa profesa wa Kijerumani mwenye ndevu nyingi. Kumbe ni mvinyo. Jina liliokotwa kwenye chupa iliyokuwa mezani wakati wa mkutano wa wanasayansi nchini Ujerumani, likapewa eneo la jirani, na hili lililokuja baadaye likaongezewa kiambishi.

Mdundo wenyewe unabebwa na glutamati, kemikali iliyo kila mahali kwenye ubongo na ambayo hakuna aliyejali kuipa jina la utani. Seli moja inaamsha nyingine, nayo inaamsha nyingine, mpaka kundi zima linalipuka kwa pamoja, linachoka, linanyamaza, linaanza tena. Watafiti wakiziba vipokezi vya glutamati, kipande hunyamaza. Wakiziba vya gaba na glisini, ambazo ndizo kemikali kuu za kuzuia, kipande huendelea kudunda. Mwenye haraka angehitimisha kwamba gaba na glisini hazihitajiki katika pumzi. Mnyama mzima atamsuta. Ndani ya mwili, kuvuta na kutoa lazima vipokezane, koo lifunguke kabla kiwambo hakijashuka, kumeza kusigongane na kuvuta, na utaratibu huo wote unasimama juu ya kuzuiana. Kupiga ngoma anaweza mmoja. Kuicheza watu wengi bila kukanyagana ni elimu nyingine.

Tena mdundo usiobadilika haumfai mtu. Anayepanda ngazi, anayelia, anayesoma kwa sauti, aliyelala fofofo, kila mmoja ana mwendo wake. Ndipo zinapoingia kemikali za kukaza na kulegeza: serotonini, noradrenalini, asetilikolini, adenosini, na jamii kubwa ya protini fupi ziitwazo peptidi. Hapa ndipo vibandiko vinapoanza kubanduka kimoja kimoja.

Chukua peptidi iitwayo dutu P. Anayesoma habari za maumivu ataikuta kila ukurasa, kwa kuwa ndiyo mojawapo ya wapokezanaji wa habari za jeraha kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1999 kundi la Feldman lilionyesha kwamba seli muhimu za Pre-Bötzinger zina kipokezi cha dutu P, na ukiidondosha pale, mdundo unakwenda mbio. Lilionyesha pia kwamba seli hizo zina kipokezi cha opioidi, na ukidondosha dawa ya jamii ya mofini, mdundo unazorota.

Hebu tulitazame hilo taratibu. Kwenye uti wa mgongo dutu P ni maumivu na opioidi ni nafuu. Panda mpaka kwenye medula, dutu P ni pumzi ya haraka na opioidi ni pumzi inayofifia. Jozi ni ileile, sentensi ni mbili. Na opioidi hazikuanzia kwenye sindano: mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen huko Scotland, waliripoti enkefalini, opioidi ambazo ubongo unajitengenezea wenyewe na kuzimwaga kwa matone, hapa leo na pale kesho. Mofini ilikuta makufuli yapo tayari. Yenyewe ni ufunguo wa bandia unaofungua kila mlango wa nyumba kwa wakati mmoja, wa chumba cha maumivu na wa chumba cha pumzi.

Gharama yake imehesabiwa kwa majeneza. Nchini Marekani, mwaka 2021 peke yake, zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa, na opioidi zilihusika katika vifo takribani 80,000 kati ya hivyo, fentanili ikiwa mbele. Opioidi ikikaa kwenye kipokezi chake, hufungua njia za potasiamu kwenye utando wa seli, na seli inakuwa nzito kuamshwa. Papo hapo inapunguza glutamati inayomwagwa na majirani. Seli haijafa. Imetulizwa mno, na zile zinazoonja hewa ukaa zimetulizwa vilevile, kwa hiyo kengele hailii. Ukimziba mtu pua na mdomo atapigana. Huyu aliyezidisha opioidi hapigani, kwa sababu sehemu ambayo ingemwambia kuna jambo la kupigania ndiyo iliyolala kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo jina "dawa ya maumivu" linalificha. Mwili huizoea raha ya opioidi upesi kuliko unavyoizoea athari yake kwenye pumzi. Mtumiaji anaongeza kipimo akiifukuza raha, huku medula yake haijakizoea kiwango hicho. Naye aliyeacha kwa wiki kadhaa, labda alikuwa gerezani au kwenye matibabu, hurudi na kipimo chake cha zamani wakati seli za pumzi zimeshasahau mazoea yote. Wengi hufia hapo. Ukiongeza pombe au dawa za usingizi za jamii ya benzodiazepini, umefungua mlango wa pili, wa gaba, na milango miwili haijumlishi hatari kwa upole. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote libandikwe kwenye dawa hizo kuhusu kuzitumia pamoja na opioidi. Naloksoni, dawa ya kuokoa, inafanya kazi kwa sababu inakwenda kwenye kipokezi kilekile na kuisukuma opioidi nje. Mtu aliyekuwa akifa huanza kuvuta hewa ndani ya dakika chache. Lakini haigusi mlango wa gaba, na nguvu yake mara nyingi huisha ndani ya saa moja na nusu, mapema kuliko opioidi nyingi. Aliyemwokoa mwenzake akaenda zake hajamaliza kazi.

Mwaka 2020 watafiti walifuta vipokezi vya opioidi katika maeneo mawili tu ya shina la ubongo wa panya, moja likiwa Pre-Bötzinger, kisha wakawapa mofini. Pumzi zao hazikuzorota kama za wenzao; sehemu kubwa ya athari ilikuwa imetoweka. Kwa panya, basi, hatari ya mofini imejikusanya kwenye seli chache unazoweza kuzionyesha kwa kidole, na kuota dawa itakayoua maumivu bila kugusa seli hizo si upuuzi. Shaka yangu iko kwa wanaoitangaza kabla haijafika. Kampuni ya Bayer ilipoanza kuuza heroini mwaka 1898, iliiuza kama dawa ya kikohozi na maradhi ya kifua. Yaani opioidi iliyokuja kusimamisha pumzi za watu wasiohesabika iliingia mjini ikiwa imevaa koti la mganga wa pumzi.

Nirudi kwa serotonini na zamu yake. Mtu akiwa macho, serotonini na noradrenalini hunyweshwa medula muda wote, na kwa hizo msuli wa ulimi na koo hubaki na ukakamavu wake. Usingizi ukija zinapungua. Ndoto zikianza, seli za noradrenalini hunyamaza karibu kabisa na nyingi za serotonini hufuata. Ulimi unarudi nyuma. Mwenye koo pana halimpati neno. Mwenye koo jembamba hukoroma, na wakati mwingine hewa haipiti kabisa, kiwambo kikivuta dhidi ya mlango uliofungwa. Oksijeni inashuka, hewa ukaa inapanda, kengele inalia, mtu anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo na kuzama tena usingizini. Wapo wanaofanya hivyo mara 30 na zaidi kwa saa, na asubuhi hawakumbuki hata moja. Wanachojua ni kwamba wamechoka.

Tiba ya kawaida ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Lakini mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo ambalo kwangu ni somo zuri la vibandiko. Watu 20 walipewa kabla ya kulala atomoksetini, dawa ya watu wanaoshindwa kutulia na kuzingatia, ambayo huongeza noradrenalini, pamoja na oksibutinini, dawa ya kibofu ambayo huziba vipokezi vya asetilikolini. Usiku walipotumia dawa hizo, kukwama kwa hewa kulishuka kutoka wastani wa kati wa mara 28.5 kwa saa hadi 7.5. Sitamshauri mtu atupe mashine yake kwa sababu ya watu 20 na usiku mmoja. Ila angalia: dawa ya darasani na dawa ya chooni zimekutana kooni. Aliyesoma kibandiko tu asingezijaribu.

Watoto wachanga ndio wanaonifanya niliandike hili kwa hasira kidogo. Hufa watoto usingizini, ghafla, wazima wa afya kwa macho ya kila mtu, na kwa miaka mingi wazazi walibaki na huzuni pamoja na lawama zisizo na jina. Hannah Kinney na wenzake huko Boston walitumia miongo wakichunguza medula za watoto hao baada ya kifo. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, kiasi cha serotonini kilikuwa pungufu kwa asilimia 26 kikilinganishwa na cha watoto waliokufa kwa sababu nyingine zinazojulikana. Mtoto aliyelala kifudifudi anaweza kuivuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe, hewa ukaa ikaongezeka taratibu. Mtoto mwenye serotonini ya kutosha hukunja uso, hugeuza kichwa, hulia. Yule ambaye zamu yake ya usiku imepungukiwa na walinzi haamki. Panya waliozaliwa bila seli za serotonini huonyesha jambo hilohilo: ukiwaongezea hewa ukaa wakiwa usingizini, wanaendelea kulala.

Hatuna njia ya kupima serotonini ya medula kwa mtoto aliye hai, lakini ujumbe wa kumlaza mtoto chali, ambao Marekani iliufanyia kampeni ya taifa zima kuanzia mwaka 1994, ulifuatiwa na vifo hivyo kupungua kwa karibu nusu au zaidi. Hakuna kemikali iliyoongezwa. Walichoondolewa watoto ni mtihani ambao baadhi yao wasingeufaulu.

Watoto njiti wana mtihani wao. Medula yao haijakomaa, pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, na adenosini, ileile inayotuletea uchovu jioni, huzidi kuzilegeza. Dawa yao ni kafeini, ambayo huketi kwenye vipokezi vya adenosini na kuinyima nafasi. Jaribio kubwa la watoto 2,006, lililochapisha matokeo yake mwaka 2006 na 2007, lilionyesha kwamba waliopewa kafeini waliachana na mashine za kupumulia mapema zaidi, na wakiwa na miezi 18 wengi zaidi walikuwa hai bila ulemavu wa neva. Sijui kemikali nyingine iliyo nyenyekevu kiasi hicho kwa mkubwa na yenye uzito kiasi hicho kwa mdogo.

Nijie sasa kwenye kushusha pumzi. Tunasema mtu ameshusha pumzi tukimaanisha ameondokewa na wasiwasi au amezidiwa na mawazo. Lakini kila mmoja wetu hushusha pumzi kama mara 12 kwa saa, mwenye mawazo na asiye nayo, na mara nyingi hajisikii. Mapafu yana vifuko kama milioni 500, na kila mara baadhi hujikunja na kushikana kuta. Pumzi ya kawaida haina nguvu ya kuvifungua. Inatakiwa ile ya mara mbili, moja juu ya nyingine. Mwaka 2016 makundi ya Feldman na Mark Krasnow yalionyesha katika jarida la Nature kwamba kwa panya amri hiyo inabebwa na peptidi mbili zinazofika kwenye seli kama 200 hivi za Pre-Bötzinger. Ukiziongeza, panya hushusha pumzi mfululizo. Ukiziua seli zinazozipokea, panya hupumua kama kawaida ila hashushi pumzi tena.

Moja ya peptidi hizo ina jina refu la kitaalamu linalotangaza kwamba kazi yake ni kuchochea gastrini, homoni ya tumbo, maana huko ndiko ilikotambuliwa kwanza. Kwenye uti wa mgongo hiyohiyo hubeba habari za mwasho, ule unaokufanya ujikune. Zote mbili ni ndugu wa kemikali iliyotolewa kwenye ngozi ya chura wa Ulaya. Tumbo, mwasho, chura, na kushusha pumzi. Angetokea mtu akaiita "peptidi ya huzuni" kwa kuwa wenye huzuni hushusha pumzi, tungemcheka, lakini sioni tofauti yake na aliyeiita serotonini kemikali ya furaha.

Barabara hii kati ya ubongo na pumzi ina njia mbili, na hapo wauza mafunzo ya pumzi wana ukweli mkononi. Lugha yetu ilishaona kitu: pumzi, kupumua, kupumzika na mapumziko vimechipua shina moja. Mwaka 2017 Kevin Yackle na wenzake walieleza kikundi kidogo cha seli ndani ya Pre-Bötzinger ambazo haziendeshi mdundo. Zinaupeleleza na kupeleka taarifa kwenye ghala la noradrenalini lililo juu kidogo, lile linalouweka ubongo macho. Panya walioondolewa seli hizo waliendelea kupumua, lakini wakawa watulivu kupita kiasi, wakijisafisha manyoya badala ya kuzurura wakinusanusa. Inaelekea ubongo huutazama mwendo wa pumzi ili kujua kama kuna la kuhangaikia.

Wanaponipoteza ni wanapodai kwamba kuhema kwa nguvu "kunajaza oksijeni ubongoni". Damu ya mtu mwenye afya, akiwa amekaa tu, imeshajaa oksijeni kwa asilimia 95 au zaidi. Hakuna pa kumimina nyingine. Kinachobadilika ni hewa ukaa, ambayo inashuka, na ikishuka mishipa ya damu ya ubongo hubana. Kichwa chepesi na vidole vinavyochonyota, ambavyo mkufunzi huviita nishati, ni dalili kwamba ubongo unapata damu pungufu. Juu ya zulia, jambo hilo hupita. Ndani ya maji linaua: aliyehema sana kabla ya kupiga mbizi ameizima kengele ya hewa ukaa, na oksijeni inaweza kumwishia kabla hajatamani kupumua.

Na kwa kuwa tunabandua vibandiko, amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo, nayo huitwa kituo cha hofu. Mwaka 2013 ilichapishwa habari ya wanawake watatu ambao amigdala zao zote mbili zimeharibika. Walipovuta hewa yenye asilimia 35 ya hewa ukaa, wote watatu walipatwa na hofu kuu ya kukosa pumzi. Hofu hiyo haikuhitaji kituo.

Upande wa pili wapo watoto wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa pumzi unaotokana na hitilafu katika jeni ya PHOX2B, iliyohusishwa nao mwaka 2003. Kengele ya hewa ukaa kwao haifanyi kazi. Mchana, wakiwa macho, kemikali za kuwa macho huwasukuma na wengi hupumua vya kutosha. Wakilala, pumzi hupungua na hakuna kinachowaamsha, kwa hiyo hulala na mashine maisha yao yote. Kwao kusinzia garini si jambo dogo.

Baada ya yote haya, linanikera kuona jinsi tunavyoipima pumzi. Tangu janga la korona, kile kibanio cha kidoleni kimeingia mpaka kwenye droo za majumbani, na mtu akiona 98 anaridhika. Kibanio hakipimi kupumua. Kinapima oksijeni iliyomo kwenye damu. Mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji, ana opioidi mwilini na mrija wa oksijeni puani, anaweza kuwa anapumua mara sita kwa dakika huku kibanio kikimsifu, na hewa ukaa ikimjaa kimyakimya. Wanasayansi Haldane na Priestley walionyesha tangu mwaka 1905 kwamba hewa ukaa ndiyo inayoongoza pumzi ya mtu aliyetulia, na miaka zaidi ya 100 baadaye bado tunaitazama oksijeni, ndugu yake. Idadi ya pumzi kwa dakika, kipimo kisichohitaji kifaa chochote zaidi ya saa, ndicho kinachokisiwa kuliko vyote. Chati za wodi zimejaa 18 na 20 zilizoandikwa kwa mazoea.

Kuhesabu kwenyewe kuna ujanja wake. Ukimwambia mtu kwamba unahesabu pumzi zake, umeshaziharibu, kwa sababu sehemu ya juu ya ubongo huinyang'anya medula usukani na kuanza kupumua kwa adabu. Nimejaribu kwangu mwenyewe mara nyingi na sijawahi kupata namba ninayoiamini. Wauguzi wazoefu hushika kifundo cha mkono kana kwamba wanapima mapigo ya moyo, hukaa kimya, na macho yao huyapeleka kifuani kwa dakika nzima.